Karamu ya Anticorps

Kabla ya yote unisamehe mwandiko. Shuleni niliishia mwaka wa tano wa primaire, na asubuhi vidole vyangu vinavimba hata kalamu inateleza. Mahali nilipokosea herufi, soma kwa sauti, utasikia nilichotaka kusema. Naandika mstari mmoja, napumzika, naandika mwingine.

Mafigo yangu yalianza kufa nikiwa bado mwanafunzi. Hakuna aliyejua. Uso wangu ulivimba kwanza, mashavu yakajaa, na wanawake wa jirani kule mtaani kwetu Kadutu wakamsifu maman: «Binti yako amependeza sana! Unamulishaka nini?» Maman alikuwa anauza sambaza wakavu sokoni, akacheka kwa furaha, akawaambia ni samaki. Kwa miezi mingi nilisifiwa kwa ajili ya ugonjwa. Halafu miguu ikavimba, chakula kikaanza kunirudi, na rangi ikanitoka midomoni. Hapo wakaacha kunisifu.

Daktari aliyenishika alikuwa mzungu wa hospitali ya misheni, huko chini kando ya ziwa. Alimwambia maman bila kuzunguka kwamba mafigo yote mawili yataisha, na kwamba upande wetu wote hakuna mashine ya kusafisha damu. Dawa ilikuwa moja: kupewa figo la mtu mwingine, Ulaya. Yeye mwenyewe alikuwa anarudi kwao kwa likizo ndefu, na hospitali ya rafiki yake ilikubali kumpokea mgonjwa mmoja kutoka kwake bila malipo, mradi figo litoke kwa ndugu wa tumbo moja, na damu hizo mbili zikubaliane. Zikikataana, nafasi ingekwenda kwa mgonjwa mwingine.

Ndugu wa tumbo moja nilikuwa naye mmoja, kaka yangu. Baba alikuwa amekwisha kufa. Kaka alicheza mpira nyuma, upande wa kulia, kwenye timu ya Kadutu, na watu walimjua mpaka mtaa wa Bagira. Daktari alipomuuliza kama anakubali kutoa figo, alisema «Ndiyo» haraka, akiangalia viatu vyake. Rafiki zake walipopata habari walimpa jina. Alipopita kwenye ngazi za mtaa wetu walipiga mluzi, wakamwita citoyen, raia, kama serikali ilivyotaka tuitane: «Citoyen Figo-Moja! Utakojoa nusu-nusu?» Alicheka pamoja nao. Nyumbani hakucheka. Nilimwona mara nyingi ameweka mkono ubavuni, chini ya shati, anapapasa.

Lakini lazima nieleze habari ya damu, maana ndiyo iliyoniua, kama ni kuua.

Mgonjwa wa mafigo anakosa damu. Kila baada ya miezi kadhaa nilikuwa mweupe kama unga wa muhogo, nashindwa kupanda ngazi, na walinipeleka kuongezwa. Hospitalini hapakuwa na damu iliyowekwa. Muuguzi alisema tu, «Citoyenne, lete watu wako,» na maman alileta watu. Wa kwanza alikuwa kaka, kila mara, kwa sababu damu yake na yangu ni aina moja. Alilala kwenye kitanda cha pembeni, akakunja mkono, akaniambia, «Kunywa, mudogo. Leo ni ya mushindi, tumefunga goli.» Nilipenda maneno hayo. Damu yake ilipoingia nilisikia joto begani, na siku ya pili nilikuwa na njaa.

Tonton naye alitoa, mara moja tu. Tonton ni kaka ya maman, aliyekuwa karani ofisini mjini, mtu wa abacost, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi na Kifaransa cha kutosha kututisha. Ile chupa moja hakuisahau kamwe. Akitaka bia alipita kwetu, akaketi, akaninyooshea kidole.

«Maman, huyu mutoto nilimuzaa mara ya pili. Uongo?»

«Kweli,» maman alijibu.

«Damu yangu iko mule ndani inatembea. Na sasa inasikia kiu.»

Maman alimtuma mtoto wa jirani kununua bia.

Basi daktari alitoa damu yangu na ya kaka, akaiweka kwenye vichupa, akavifunga ndani ya thermos ya chai. Padri mmoja aliyekuwa anasafiri akaipakata mpaka kwenye ndege. Maman aliiangalia ile thermos akauliza kwa sauti ndogo kama wazungu watainywa. Daktari alisema hapana, wataichanganya: askari wa damu yangu na chembe za damu ya kaka, waone kama zinapigana. Jibu lingekuja kwa phonie, ile redio ambayo misheni zinasemezana. Tukaanza kungoja. Mimi nilikuwa na hofu moja, kwamba damu yangu ingepigana na kaka yangu. Nililala nikiiambia itulie.

Parokia ya mjini nayo ilikuwa na phonie. Tonton alifahamiana na frère, mtawa aliyeishika, akawa anapita kila alasiri kusikiliza. Siku moja tulimsikia kabla hatujamwona. Alikuwa anapanda ngazi za Kadutu akipiga kelele, yeye ambaye hupandaga polepole asichafue suruali.

«Anticorps! Anticorps mingi! Nimesikia na masikio yangu!»

Watu walitoka majumbani. Tonton alisimama katikati ya ua, akapanguza kichwa kwa kitambaa, akangoja wanyamaze.

«Mzungu amesema kwa phonie: *beaucoup d'anticorps*. Mwaelewa? Hamuelewe. Nitafasiria. *Anti*, ni kupinga. Sivyo? Mtu akipinga chama, anaitwa anti. Sasa *corps* ni nini?»

Hakuna asiyejua *corps*. Kwetu neno hilo halitumiki kwa mtu mzima anayetembea. *Corps* ndicho kinacholala morgue. Ndicho kinachotolewa saa ya *levée du corps*, pikipiki ikitangulia na wanawake wakilia.

«Ni maiti,» jirani mmoja alijibu.

«Ni maiti!» Tonton alipiga makofi. «Anti-corps: mwenye kupinga maiti! Damu ya huyu mutoto inakataa kuwa maiti! Na siyo kidogo, *beaucoup*!»

Maman alipiga magoti palepale kwenye udongo. Jirani wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama mlangoni nikishika fremu, na sikujua niweke wapi mikono yangu, maana wote walikuwa wananiangalia. Nilimwamini. Nani asingemwamini? Alilifungua lile neno mbele yetu kama mtu anayemenya ndizi, na ndani ndimo mlimokuwa na uhai wangu.

Ikafanyika karamu. Maman alichinja kuku wawili, kasiksi ikaja kwa madumu kutoka kwa wanawake wanaopika pombe ya ndizi kule Bagira, na jioni ile ua wetu ulijaa kama siku ya ndoa. Tonton alikunywa zaidi ya wote. Alisema damu yake ndiyo iliyoleta hizo anticorps, kwa sababu ukoo wao haukuwa wa kufa mapema. Mtu mmoja alinuna: «Na babu yenu aliyekufa kabla meno hayajang'oka?» Tonton akamjibu, «Ule alirogwa. Kurogwa siyo kufa.» Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi niliwekewa sahani ya kuku wa chumvi na samaki, vitu nilivyokatazwa, kwa sababu mtu anayepinga maiti ataogopaje chumvi? Nilikula kidogo nisiwaaibishe. Nilitapika nyuma ya nyumba, na nikarudi nikakaa.

Kaka hakula. Alishika kopo lake hadi kasiksi ikapoteza povu. Rafiki zake walimpigia mluzi, «Figo-Moja, safari njema!» akanyanyua kopo bila kunywa. Alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa jeshini.

Jumatatu tulipanda camionnette kwenda misheni kuuliza siku ya safari. Tonton alivaa abacost yake nzuri. Daktari alitupokea ofisini, mimi na maman, kaka na tonton, na sista mmoja muuguzi alikuwa anapanga dawa kabatini. Kabla daktari hajasema kitu, tonton alisimama akatoa hotuba. Alimshukuru Mungu, akamshukuru yeye, akashukuru sayansi, kwa kuwa mtoto wetu amekutwa na anticorps nyingi, na kwa hiyo hatakuwa maiti.

Daktari alimtazama. Akauliza, «Hatakuwa nini?»

«*Corps*, docteur. Ana anti-corps.»

Daktari alicheka. Sitaki kumsingizia, hakukusudia ubaya, kicheko kilimtoka tu kama chafya. Alijaribu kukizuia, kikamshinda, akaegemea meza, akamwita sista: «*Ma sœur*, njoo usikie hii.» Tonton alilirudia neno kwa sista, bado akitabasamu, akidhani wanafurahi pamoja naye. Sista hakucheka. Alimwangalia maman, akafunga kabati.

Hapo daktari akaacha kucheka. Alipangusa macho, akasema kwa Kiswahili chake cha misheni:

«Citoyen, anticorps si rafiki yake. Ndiyo hiyo inayokataa. Damu yake imejaa askari wanaomjua kaka yake. Tukiweka figo la kaka ndani, watalishambulia palepale, mezani, litakuwa jeusi mbele ya macho yetu. Jibu ni hapana.»

Maman aliuliza jinsi gani damu yangu inaweza kumjua kaka vibaya, watoto wa tumbo moja. Daktari alifikiri. Alijua maman anauza Kadutu.

«Mama, mwizi akipita sokoni kwa mara ya kwanza, nani anamjua?»

«Hakuna.»

«Na akirudi?»

«Ah! Wote tunamujua. Tunapiga yowe tu. Hapiti.»

«Basi. Damu ya kaka imepita sokoni kwake mara nyingi. Kila mara mlipomletea chupa, soko liliishika sura yake vizuri zaidi.»

«Lakini huyu siyo mwizi,» maman alisema. «Alileta damu. Alikuja kusaidia.»

«Soko halijui hilo, mama. Linajua sura tu.»

Nilikuwa nahesabu moyoni vile vitanda viwili kando kwa kando, ule mkono uliokunjwa, lile goli. Kama kaka yangu angeniacha niteseke bila damu yake, angeweza kunipa figo lake. Kila alichonipa kilikula kile ambacho angenipa baadaye.

Ndipo kaka akatoa sauti. Ilikuwa pumzi ndefu kutoka chini kabisa, na mwisho wake ikageuka kicheko. Aliweka kiganja mdomoni lakini mabega yalikuwa yanaruka. Maman akageuka akampiga kofi pale pale mbele ya mzungu.

«Unacheka?»

«Sicheke, maman. Ni pumzi tu. Ilitoka yenyewe.»

Na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, hilo nalo niliandike. Sijui yalikuwa machozi ya nini.

Daktari alisema jambo moja kabla hatujatoka, na nililishika. Soko linaweza kusahau. Siyo mara nyingi, lakini inatokea. Nikikaa muda mrefu bila kuongezwa damu, ya kaka wala ya mwingine yeyote, askari wanaweza kupungua, na kabla yeye hajaondoka angetuma vichupa vingine. Nafasi angeishikilia mpaka wakati huo. «Lakini bila damu,» alisema, akininyooshea kidole mimi, siyo maman. «Ukipokea chupa moja tu, basi.»

Njiani kurudi tonton alikaa mbele na dereva, hakugeuka. Aibu ya kile kicheko ilimkaa mwilini, na aliitafutia mtu wa kumbebesha. Tulipofika nyumbani alikuwa amekwisha kumpata.

«Tulimupa damu yetu,» alimwambia maman, nami nikiwa hatua mbili kutoka hapo. «Ya kwangu mimi mwenyewe. Na yeye anafanya nayo nini? Anajifunza kutuchukia. Huyu hajakosa mafigo, amekosa moyo.»

Neno hilo lilitembea. Kwenye bomba la maji wanawake waliniachia nafasi kubwa kuliko ninayohitaji. Nilisikia mmoja akimwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti: «Njo ule anakataaka ndugu. Hata daktari alisema. Iko ndani ya damu.» Kwetu, mtu mwenye chuki ndani ya damu ana jina lake, lile la wanaoroga usiku, na wao hawakulitaja. Waliwavuta tu watoto wao nyuma. Wengine walikuwa wamekula kuku wetu. Nilitaka kuwaeleza habari ya soko, lakini mimi nikisimama mbele ya watu ulimi unakauka. Nikajaza ndoo yangu nusu nikaondoka.

Nikaanza kungoja bila damu. Ilikuwa kama kujifunza kukaa chini ya maji. Mwezi wa kwanza niliweza kwenda sokoni na maman. Halafu nikaishia mlangoni. Halafu kitandani, moyo ukipiga masikioni kila nilipogeuka. Kucha zangu zilikuwa nyeupe. Nilifurahi kuziangalia, maana nilifikiri soko linasahau.

Katika muda huo wote hakuna aliyenitunza kuliko kaka. Alinibeba mgongoni kwenda chooni. Aliniletea miwa, akaimenya, akanikatia vipande vidogo nitafune bila kunywa maji mengi. Na kila siku, baada ya kunifunika, alisema:

«Mudogo, unateseka bure. Sema tu, nitoe damu. Hata leo. Hata sasa.»

«Daktari alikataza.»

«Daktari hayuko hapa anakuona.»

Aliyasema kwa upole, mkono wake kwenye paji langu. Nilimwangalia nikijaribu kusoma. Kama ningepokea damu yake, ningepumzika, na yeye angebaki na mafigo yake mawili na mpira wake. Alinipenda na alitaka kuokoka, vyote kwa chupa hiyohiyo moja. Nadhani hata yeye hakuweza kuvitenganisha. Lakini ni mimi niliyekuwa nalala nikiwaza.

Siku zilikuwa zimebaki chache daktari atume vichupa vya pili. Asubuhi moja niliamka kutaka kusimama, na sakafu ikanijia usoni. Nilipofungua macho nilikuwa kwenye kituo cha afya cha mtaani, siyo kwa yule daktari. Kaka alinibeba mpaka pale palipo karibu. Maman alikuwa anashika miguu yangu. Na kwenye kitanda cha pembeni kaka alikuwa amekwisha kulala, amekunja mkono wa shati, kabla mtu yeyote hajamwomba.

Muuguzi alimsifu. «Ndugu kama hawa hawapatikani tena Zaïre.»

Nilisema hapana. Niliisema, lakini kwa sauti niliyozaliwa nayo, na ikafika kwa maman peke yake. Aliinama mpaka uso wake ukagusa wangu.

«Mwanangu, unataka nikuzike na damu iko hapa? Watu watasema niliiangalia chupa na nikakuacha?»

«Daktari alisema nikingoja...»

«Sikuzaa mutoto wa kungoja! Nilizaa mutoto wa kuishi!» Akamgeukia muuguzi. «Weka.»

Nilimtazama kaka. Alikuwa ananitazama. Sindano ilikuwa tayari ndani ya mkono wake na chupa ilikuwa inajaa.

«Kunywa, mudogo,» alisema.

Hakutaja goli safari hii. Midomo yake ilitetemeka, halafu akageuza uso ukutani, nami sikuona mwisho wa ule mtetemo ulikuwa nini.

Ikaingia. Joto lilipita begani, likashuka kifuani. Kabla chupa haijaisha moyo ulikuwa umetulia. Siku ya pili yake kucha zangu zilikuwa za rangi ya waridi, na niliona njaa, nikala ugali na sombe nikamaliza sahani, maman akipiga makofi. Kila tonge liliniuma na sikuacha kula.

Daktari alipita kuniaga. Aliona kucha, akainua kope la jicho langu, akaelewa. Hakugomba. Alimwuliza maman ni damu ya nani, na aliposikia jibu alitikisa kichwa, akafunga mkoba wake. Kwenye ndege aliondoka na mgonjwa mwingine, kijana wa upande wa Katana na dada yake. Kaka anacheza kila Jumapili. Huwa anakuja kwanza kunionyesha viatu vyake vimepakwa rangi, na mimi namwambia vimependeza, na ni kweli.

Sasa naomba kitu. Kama unasoma haya na kwenu kuna mtu aliyeambiwa akae bila damu, akakaa, akangoja mpaka mwisho, niandikie. Niambie tu kama soko lilisahau, au kama ningekufa bure kabla ya vichupa. Usiogope kuniambia lolote kati ya hayo mawili. Andika kwa herufi kubwa, maana nasoma polepole, na andika mapema. Hii damu niliyo nayo itaisha, na maman na kaka watakuja tena kuniuliza kama niongezwe.